Mashuka ya Bi. Venera

Mwaka huu, wanasema, ni mwaka wa upana:
mikono mipana, suruali pana,
gauni linalosimama mbali kidogo na mwili
kama mgeni mwenye adabu.
Mimi sikuambiwa na majarida.
Niliambiwa na siroko, upepo wa jangwani,
uliovuka bahari usiku ukaingia Catania bila hodi,
ukalamba mawe meusi ya mtaa wetu
hata mbwa wa muuza samaki akahamia
chini ya meza yangu ya kukatia.
Tangu Jumanne ananihemea miguuni.

Duka langu ni mlango mmoja na cherehani mbili:
moja ina jina, ya pili ina matatizo.
Mkono wa kushoto, Nuccio hushona ndala za ngozi kwa uzi mtupu,
maana gundi, asema, hulewa jua.
Ng'ambo, Crocifissa husuka kofia za ukindu
zenye ukingo wa kumfunika mtu pamoja na deni lake.
Hatuna kiwanda. Tuna vidole,
na Julai inatudai.

Wasichana huja na picha ndani ya simu.
"Nataka kama hii," asema Ersilia, binti wa mwokaji,
"lakini isinikamate."
Hiyo ndiyo fasheni yote ya kiangazi, mwanangu,
nimeisikia miaka thelathini na mitatu:
isinikamate.
Rangi hubadilika, mwaka jana limau, mwaka huu kigae,
ila kwapa halidanganywi na rangi.

Bi. Venera Pappalardo aliingia saa sita kasoro,
saa ambayo hata kivuli hutafuta kivuli,
akivuta kigari chake cha sokoni.
Nilidhani ni biringani.
Akatoa mashuka sita ya kitani,
kila moja limetariziwa herufi mbili, V na S,
nyeupe juu ya nyeupe,
za kusomwa kwa kidole kuliko kwa jicho.

Alianza kuyatarizi akiwa na miaka kumi na minne.
S alikwenda Ubelgiji kuchimba makaa,
akaandika barua moja tu,
na barua yenyewe ilihusu mvua.

Nikawa natafuta neno la pole. Akanikatiza:
"Pole ya nini? Nina joto.
Miaka sitini nayafua kila Mei, nayaanika, nayakunja.
Nimechoka kuwa askari wa mashuka.
Nishonee gauni."

Nikakishika. Kitani kipya kina kiburi,
hukwaruza, husimama wima kama karani.
Hiki kilikuwa kimefuliwa mara sitini
bila kulaliwa hata usiku mmoja:
laini, kizito kidogo, baridi,
maji yaliyokubali kukunjwa.
Mkasi ukanigomea.
Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikajiambia,
na shuka la kwanza likafunguka
kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi.

Mifuko miwili mikubwa, ya funguo na pipi.
Hakuna mkanda.
Hakuna zipu; zipu ni chuma, na chuma huweka jua moyoni.
Vifungo vya mzeituni, alivyochonga mpwa wa Nuccio,
viwili havilingani na wenzake.

"Na herufi?" nikauliza, pini mdomoni.
Hakufikiri hata kidogo.
"V iweke hapa, kifuani, watu waione.
S iweke nyuma, chini,
pale ninapokalia."

Jumapili alikaa kwenye benchi la mawe mbele ya kanisa
na bilauri ya barafu ya lozi,
akakaa, akakaa,
mpaka mlima ukapoteza rangi.

Jumatatu Ersilia amerudi, picha mpya kwenye simu:
mgongo wa Bi. Venera ukivuka uwanja.
"Hii yenye herufi nyuma," asema, "bei gani?"
Nikamtazama. Macho yamemvimba,
na si kwa joto.
Nikavuta futikamba shingoni.
"Herufi gani?"